Kufuli la Nje

Jumapili, 12 Oktoba

Tumefika Jeddah. Tulitoka Riyadh alfajiri, mimi kwenye usukani, Muhandis Talal kando yangu, na vyombo vya kupimia nyuma tumevifunika mablanketi kama wagonjwa. Mungu ana utani wake. Mimi mtu wa Budalangi kule Kenya, ambaye utoto wangu wote nilihamishwa na mto Nzoia kila tuta lilipobomoka, nimevushwa jangwa zima kuja kutafuta mafuriko.

Jioni tumesimama ndani ya bonde lenyewe. Ni mkondo mkavu unaoshuka kutoka milimani mashariki hadi mjini. Nimeona mbuzi, matairi, gereji, na majumba mapya yanayoinuliwa kwa pupa. Tone la maji sikuona. Nikamuuliza Talal hayo mafuriko yako wapi. Akasema yako njiani, ila safari hii sisi tumewahi.

Kampuni yetu imepewa kazi ya kupanga namna ya kulidhibiti bonde hili lote kabla watu hawajalijaza: mabwawa ya kuzuia maji huko juu, mfereji mkubwa huku chini. Hiyo ni kazi ya miaka. Msimu huu wa mvua tunapima tu na kuweka kinga ya muda. Mimi naendesha gari na kushika fimbo yenye namba, Talal anachungulia kwenye darubini yake. Ni kijana wa hapa hapa Jeddah, manukato yake hufika kabla yake. Simpendi bado. Sina sababu, ila sijawahi kuhitaji sababu kwa mabosi.

Jambo moja limenifurahisha. Dada yangu Selipher yuko Jeddah, na tangu aje huku sijamtia machoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Joto. Fimbo. Joto.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo siku ya mapumziko nimekwenda kumwona Selipher. Alinielekeza kwa simu, kata hapa, pita gereji ya Wayemeni, na kila nilivyokata kona ndivyo nilivyozidi kuijua njia. Anakaa ndani ya bonde letu. Nimepita na fimbo karibu na mlango wake wiki nzima bila kujua.

Ni hoshi, yadi ya zamani yenye ukuta mrefu uliopachikwa vigae vya chupa juu, na vyumba vichache ndani. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli kubwa kwa nje. Nikadhani nimepotea. Nikampigia, nikasikia simu yake ikilia nyuma ya ukuta, na sauti yake ikininong'oneza nisisimame hapo kama mlingoti, nizunguke gereji mpaka Charity aje na ufunguo.

Ndivyo wanavyoishi. Selipher na wenzake wote ni kemboi, kama tunavyowaita huku Wakenya waliowakimbia waajiri wao. Madam wake wa Aziziya alikuwa akimnyima chakula na simu. Siku aliyotoka na mfuko wa taka hakurudi. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamripoti kuwa ametoroka, na ikama yake, kibali cha kukaa nchini, ikafa siku hiyo hiyo. Sasa anaosha vyombo kwenye kumbi za harusi usiku kucha na kulala mchana. Anayetoka wa mwisho asubuhi hufunga lango kwa nje na kuondoka na ufunguo, ili askari wa vibali wakipita waone nyumba tupu. Waliobaki ndani hawawashi taa, hawafungulii bomba, hawakohoi.

Charity, ambaye ndiye mkubwa wao na kwa kawaida hutoka wa mwisho, hutembea na ufunguo huo shingoni kwenye kamba ya kiatu. Alipofungua nilimkuta Selipher amekonda, lakini mdomo wake haujakonda hata kidogo. Alinitazama akasema, "Wee Dan, kumbe Saudi wanapeana kitambi bure?" Nilimkumbatia, nikalia, akanicheka. Nilimlea huyu mtoto. Baba alipokufa mimi ndiye niliyemvusha mto kwenda shule, yeye mabegani, viatu vyake shingoni mwangu.

Jumatano, 22 Oktoba

Tumeanza kupaka rangi. Talal alinieleza kwa subira, maana Kiarabu changu ni cha barabarani. Nyumba yenye watu inapata duara la buluu kwenye ukuta. Isiyo na watu inapata msalaba mweupe. Mvua ikitishia, basi la kuhamisha watu litapita kwenye buluu zote, mlango kwa mlango. Na rangi hizo ndizo zitakazoamua maji yaelekezwe wapi, kwa sababu maji, alisema, huwezi kuyakataza kuja, unaweza tu kuyachagulia pa kupita.

Maneno hayo yalinigusa. Kwetu hakuna aliyewahi kuyachagulia maji.

Alhamisi, 23 Oktoba

Milango mingi haifunguliwi. Wanaona gari letu jeupe lenye nembo mlangoni na wanadhani sisi ni serikali. Na kwa kweli Talal akivaa kanzu yake na miwani myeusi, hata mimi natamani kujificha.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo zamu ya upande wa gereji. Nilijua inakuja, sikulala vizuri.

Talal aligonga lango la Selipher kwa kiganja. Kimya. Akagonga tena. Nilikuwa nimeshika mikebe yote miwili ya rangi, na nilijua dada yangu amelala hatua chache tu nyuma ya ukuta ule, pengine ameamka, pengine ameziba mdomo kwa blanketi. Talal akalitazama kufuli. Akaniuliza kama naona dalili yoyote ya watu, maana yeye alidhani aliona nguo imeanikwa juu ya paa wiki iliyopita.

"Mafi nafar, Muhandis," nikamwambia. Hakuna mtu.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hizo ni nguo za watu wa gereji."

Akaniamini. Nikachovya brashi kwenye nyeupe na kuchora msalaba mkubwa, mistari imenyooka. Niliupaka kwa mapenzi, niseme kweli, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilijiona mjanja. Nimewazidi akili wote: kafili, askari, na huyu kijana wa manukato.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wamenipikia ugali. Unga ameutafuta Charity mpaka akaupata kwa Wasudani. Nilipowasimulia habari ya msalaba walishangilia kwa mikono tu, bila sauti, maana hata furaha ya nyumba hii inabidi inong'onezwe. Charity alisema tangu afike Arabuni leo ndiyo mara ya kwanza amelindwa na mtu. Selipher akaniwekea paja la kuku lililokuwa lake. Nimerudi nikiimba ndani ya gari.

Jumatano, 5 Novemba

Sikutaka kuandika leo, lakini nisipoandika nitapasuka.

Talal ameitandaza ramani kwenye meza ya kibanda chetu. Maduara yote ya buluu yako kushoto mwa mkondo, pamoja na shule ya msingi. Kulia karibu kote ni misalaba. Kwa hiyo uamuzi ni rahisi, na mhandisi yeyote angeufanya: litajengwa tuta la muda, la udongo na mawe, kuanzia pale bonde linapopinda. Mvua ikija, maji yatakataliwa kushoto na kusukumiwa kulia.

Kulia ni gereji, ambazo zitahamishwa. Kulia ni hoshi ya Selipher.

Niliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, maji yatafika kimo gani upande ule. Talal akaweka mkono wake kifuani pake. Kisha akasema hamna neno, hakuna anayekaa pale.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nilikusudia kusema. Naapa nilikusudia.

Mchana tulikula chini ya kivuli cha gari, wali na kuku kwenye sinia moja, na bila kuulizwa Talal akaanza kunisimulia habari ya mafuriko ya mwaka 2009. Alikuwa mtoto wa shule. Shangazi yake alikuwa akirudi nyumbani na gari, maji yakamkuta njiani. Walimpata siku ya tatu, na pete ndiyo iliyowaambia ni yeye. Tangu siku hiyo alijua atasomea maji. Alisimulia huku akichambua mifupa ya kuku na kuipanga pembeni, hakunitazama. Akasema kuwa hatamsamehe mtu yeyote aliyejua bonde lile lina maji na akanyamaza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshapanga sentensi ya Kiarabu kichwani. Ndipo gari la askari likapita barabarani polepole, Talal akawapungia mkono, nao wakampungia kama jamaa. Nikamwona upya: Msaudi, mwenye kanzu, mwenye marafiki askari. Nikafikiria Selipher ndani ya seli ya kurudishwa nyumbani, mikono mitupu, na deni la wakala bado shingoni kwa mama. Nikameza maneno pamoja na wali.

Nitamhamisha mwenyewe. Hilo naliweza bila msaada wa mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumegombana. Nilimwambia ahame wiki hii. Akaniuliza ahamie wapi, ndani ya kisanduku cha gari langu? Basi la ukumbi wa harusi huwachukulia pale gereji, na ndio msimu wa harusi. Nikamwambia maji yatapita hapa. Akatazama juu, mbingu buluu tupu, akacheka.

"Dan, mimi nimelelewa na Nzoia. Haka kamto ka vumbi kataniosha tu miguu."

Nikapandisha sauti, Charity akanionyesha ukuta kwa kidole, nikashusha. Ni vigumu kugombana kwa kunong'ona. Mwishowe tumepatana. Priscah, msichana wa kwetu mwenye ikama halali anayefanya usafi hospitalini, ana chumba kule Ruwais. Mwenzake anarudi Kenya mwezi ujao. Siku hiyo Selipher ataingia. Charity na wengine nitawatafutia baadaye.

Jumatano, 12 Novemba

Magari ya udongo yamefika. Tuta limeanza.

Jumanne, 18 Novemba

Manyunyu ya dakika chache. Mji mzima ulitoka nje kupiga picha. Mimi nilikwenda kusimama kwenye kona ya tuta nikaona vumbi likibadilika rangi. Harufu ile ile ya nyumbani. Sikuondoka mpaka yakakauka.

Jumatatu, 24 Novemba

Tuta limenipita kimo. Talal amenisifu mbele ya wasimamizi kwamba kazi ya rangi niliifanya kwa makini.

Ijumaa, 28 Novemba

Mwenzake Priscah ameahirisha safari, tiketi haijatoka. Selipher atahama Ijumaa ya tarehe 12 Desemba, hakuna tena kuahirisha. Ameanza kupanga vitu vyake kwenye mfuko wa taka kama ule aliotokea nao kwa madam. Alinionyesha gauni alilopewa na bibi harusi mmoja, la rangi ya dhahabu, akalipima juu ya nguo zake na kutembea kama bibi harusi mwenyewe kati ya magodoro. Wote wakacheka kimya kimya. Nilimwambia limemkaa. Kweli lilimkaa.

Ijumaa, 5 Desemba

Wiki moja imebaki. Talal ameniambia Jumapili tunakwenda Riyadh, anaiwasilisha mipango mbele ya kamati. Nikaomba nibaki. Akaniuliza kwa nini. Nikasema tumbo. Akanipa dawa.

Jumapili, 7 Desemba

Njiani kwenda Riyadh. Anga nyeupe. Selipher ametuma ujumbe: "Usisahau, Ijumaa wewe ndiye punda wangu wa mizigo."

Jumamosi, 13 Desemba

Nitaandika yote mara moja, kisha nisiyarudie.

Jumatano asubuhi, tarehe kumi, nilikuwa nje ya jengo la kamati pale Riyadh, ndani ya gari, nimelaza kiti. Riyadh ilikuwa kavu. Simu ililia, ni Charity. Alikuwa kazini upande wa kaskazini mwa Jeddah, anasafisha nyumba ya watu. Alisema mvua ilianza alfajiri na haijakatika, shule zimefungwa, barabara ya bondeni imefungwa na hawaruhusu mtu kupita. Alikuwa akilia. Alisema wenzao wote wametoka isipokuwa Selipher, aliyerudi asubuhi kutoka ukumbini akalala. Na ufunguo alikuwa nao yeye, shingoni.

Nilimpigia Selipher. Hakushika. Nikapiga tena na tena. Aliposhika, sauti yake ilikuwa bado ya usingizi. Akaniambia subiri, godoro limelowa. Kisha akanyamaza, na mimi nikayasikia maji. Mtu aliyekulia Budalangi hasahau sauti ile.

Nilikimbia. Mlinzi alinishika, nikamponyoka. Nikaingia ndani ya chumba cha wakubwa na viatu vyangu vya kazi, simu sikioni. Talal alikuwa amesimama mbele ya ramani, kalamu ya mwanga mkononi, akionyesha upande wa kulia. Wote wakageuka.

"Muhandis, kuna mtu ndani ya hoshi. Dada yangu yuko ndani."

"Hoshi ipi?"

"Ya msalaba. Ile niliyokwambia haina mtu."

Sitausahau uso wake. Hakunipigia kelele. Alinitazama kwa muda ambao mtu huhitaji kuvuta pumzi moja, akatupa kalamu mezani, akatoa simu. Aliongea na watu wa uokoaji kwa Kiarabu cha haraka ambacho sikukielewa chote, lakini nilisikia akitaja lango, kufuli, ukuta, na mara mbili nikasikia akisema, "Dada yangu." Hakusema dada wa dereva. Alisema dada yangu.

Walimwambia basi lilishapita asubuhi. Liligonga milango yote ya buluu upande wa kushoto na kuwatoa watu wote, hakuna hata mmoja aliyeguswa na maji. Upande wa kulia hawakuingia. Hawakuwa na sababu.

Mimi nilikuwa na Selipher sikioni. Alisema lango halifunguki, na maji yanaingia kwa kasi kupitia chini yake na hayatoki, ukuta umeyashika yote. Nikamwambia apande juu ya paa. Akasema ngazi iko upande wa pili wa yadi, karibu na tangi, na maji yanamvuta. Akasema yanatoka upande wa tuta. Alisema kama mtu anayeshangaa tu, "Dan, kwani tuta si huwa linakinga watu?"

Nikamwambia ashike kitu chochote.

Akaniuliza, "Umewaambia niko hapa?"

"Nimewaambia, Seli. Wanakuja."

"Haya," akasema. "Haya, basi nawangojea."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaambia, dakika ile ile. Kisha simu ikakatika, na nikaendelea kuishika sikioni mpaka Talal alipoitoa mkononi mwangu.

Waokoaji walifika kwa mashua. Walikata kufuli. Nimeambiwa lilikatika kwa pigo moja.

Jumapili, 14 Desemba

Siwezi.

Jumatano, 17 Desemba

Nimekwenda kumtambua. Talal alinipeleka, yeye ndiye aliyeendesha gari. Mimi nilikaa kiti chake.

Alikuwa yeye. Kucha zilikuwa zimevunjika.

Tulipotoka tukakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Nikamweleza yote: kemboi, kufuli, nguo juu ya paa, siku ile ya wali na kuku nilipofungua mdomo nikaufunga. Nilitaka anitukane. Ningepumua kama angenitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini sikumwamini.

Nikamwambia sikuwa namjua. Nilijua kanzu yake tu.

Kisha akasema mstari wa tuta aliuchora yeye. Aliiona ile nguo kwenye paa kwa macho yake, akachagua kuniamini mimi kwa sababu jibu langu liliifanya kazi yake iwe nyepesi. "Wewe ulipaka rangi," akasema, "mimi nikaleta maji." Akaegemeza kichwa kwenye usukani. Niliona mabega yake yakitikisika. Manukato yake leo hakuwa amejipaka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii nimeijua tangu shule. Niliiandika kwenye insha nikapata alama nzuri.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimempigia mama. Nilikuwa nimeahirisha kila siku, namwambia mtandao mbaya. Nikamwambia Selipher hayuko tena. Akaniuliza ni madam amempiga? Nikasema hapana. Ni gari? Hapana. Nikamwambia ni maji.

Mama akauliza pole pole, kama anayezungumza na mtoto mwenye homa, "Maji ya wapi, baba? Huko si jangwa?"

Alimkubalia Selipher aje huku kwa sababu hiyo. Mwaka alioondoka, Nzoia ilikuwa imetutoa tena nyumbani, na mama alisema afadhali mmoja wetu akae mahali pakavu.

Jumanne, 23 Desemba

Charity alikuja mpaka kituo cha mafuta kuniona, amejifunika uso. Aliuvua ufunguo shingoni na kuuweka mkononi mwangu. Alisema hawezi kuutupa na hawezi kukaa nao. Kamba ya kiatu ilikuwa bado na joto lake. Alisema siku ile aliacha kazi akakimbia mpaka kizuizi cha askari, akawaonyesha ufunguo, na hakuna aliyeelewa. Kisha akaona wanamuuliza ikama, akarudi nyuma.

Nikamwambia si kosa lake. Aliniangalia tu. Hakuniambia na mimi si langu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kazini.

Ijumaa, 9 Januari

Kwa kuwa kafili alimripoti ametoroka, mwili ulikuwa hauna mwenye kuutilia sahihi. Talal amezunguka ofisi na ofisi. Alikwenda mpaka Aziziya kwenye mlango wa yule madam, akakaa barazani mpaka mzee wa nyumba akatoka na kutia sahihi. Sikujua Msaudi naye hukalishwa barazani.

Leo Selipher ameondoka. Nilisimama upande wa mizigo mpaka ndege ikapaa. Ndani ya sanduku amevaa lile gauni la dhahabu. Priscah ndiye aliyemvisha. Mama atamzika juu kwa wajomba, mbali na mto. Ameniambia kwa simu nisije kama nitapoteza kazi. Sikujua kama ni huruma au ni hukumu, na sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 18 Januari

Tuta litabomolewa. Talal alikwenda mbele ya kamati akawaambia hesabu yake ya watu ilikuwa ya uongo na mipango yote isimamishwe, bonde lihesabiwe upya. Aliwaomba pia kwa maandishi kwamba mwenye kugonga mlango asiulize ikama, wala kuuliza jina. Sijui kama watakubali kwa muda mrefu. Kwa sasa wamekubali.

Akaniita kibandani. Akasema hanilazimishi, anaweza kunirudisha Riyadh nikaendesha magari ya ofisini. Lakini wanaoishi nyuma ya makufuli hawatamfungulia yeye. Akanisogezea mikebe miwili. Nikamwambia mweupe auache.

Jumatano, 21 Januari

Leo nimeanza upande wa juu, kwenye nyumba zile ambazo mwezi wa kumi nilizipaka misalaba bila hata kugonga mara ya pili. Talal alibaki ndani ya gari, mbali, bila kanzu.

Lango la kwanza lilikuwa na kufuli nje. Sikugonga. Niliweka mdomo wangu kwenye upenyo wa bati, nikasema kwa Kiswahili, si kwa sauti kubwa:

"Wapendwa, sikuja na askari. Naitwa Danson. Mimi ni kakake Selipher, yule wa maji."

Kimya. Nilijua kimya kile. Nilijua kuna mtu ameziba mdomo kwa blanketi.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika kwamba hamna mtu ndani. Kwake niliandika hivyo, na kwenu pia. Niambieni tu kama mpo. Msinifungulie."

Nilingoja. Paji langu lilikuwa kwenye bati na bati lilikuwa limeanza kupata moto wa jua. Mfukoni ufunguo wa Charity ulinichoma pajani. Nilikuwa karibu kuondoka niliposikia miguu mitupu ikitambaa juu ya saruji, ikasimama upande wa pili, karibu kabisa, nikasikia mpaka pumzi.

"Tupo," sauti ya msichana ikasema.

Nikachovya brashi kwenye buluu na kuchora duara juu ya msalaba wangu. Halikutoka vizuri. Nikalirudia mara ya pili, ili lionekane kutoka mbali.